Fundi Hana Pingamizi

Ndugu Mwenyekiti, ndugu wanachama,

Ajenda ya tano ya mkutano huu ni taarifa ya Katibu kuhusu ajali ya lori letu la maziwa. Taarifa hiyo nimeiandika mara nne. Kila mara ilitoka safi, imenyooka, ya ukurasa mmoja, kama mlivyozoea kuzipokea taarifa zangu. Na kila mara haikuwa kweli. Kwa hiyo leo sikuja na taarifa. Nimekuja na daftari langu la nyumbani, ambalo nimeliandika tangu nilipostaafu ualimu, na kwa idhini yenu nitasoma siku zinazohusu lori tu. Sikuongeza neno. Yale niliyotamani kuyafuta nimeyawekea alama pembeni, na hayo nitayasoma polepole zaidi.

Jumanne, 4 Machi

Mawingu yamekusanyika lakini hayajasema kitu. Mwenyekiti anataka nimwone fundi kabla ya kikao cha Jumanne ijayo. Msimu uliopita lori lilikwama bondeni mara tisa, na mara tano maziwa yaliganda kabla ya kufika kwenye tangi la kupozea. Kamati imekwisha kukubali kwamba lifungwe kufuli la difu ya nyuma. Kilichobaki ni kuchagua aina. Mimi sijui hata difu inakaa wapi. Nimefundisha miaka thelathini na mmoja na sijawahi kuinama chini ya gari ila kutafuta paka.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeshinda karakana. Fundi alinifutia kiti kwa kitambaa ambacho kilikuwa kichafu kuliko kiti.

"Keti, Mwalimu, lakini usiegemee," akasema.

Juu ya meza alikuwa na difu iliyofunguliwa, kichwa cha chuma chenye meno ndani, kinachonuka mafuta yaliyoungua.

"Hii hukaa katikati ya ekseli ya nyuma," akasema. "Inapokea nguvu ya injini na kuigawa kulia na kushoto. Tabia yake ni ya mzazi mwenye watoto wawili: anayelia ndiye anayepewa. Gurudumu la kulia likikanyaga utelezi, linazunguka bure, linalia, na difu inalipa hilohilo nguvu zote. La kushoto liko pakavu, lina uwezo wa kuwatoa, lakini kwa kuwa limetulia halipati kitu."

"Na kufuli?"

"Kufuli linamwambia mzazi awape sawa."

Akanieleza kwamba makufuli hayo ni ya aina tatu. La upepo lina pampu ndogo karibu na injini na swichi mbele ya dereva: akifika kwenye matope anabonyeza, magurudumu mawili ya nyuma yanazunguka kama kitu kimoja, akitoka anafungua. La umeme ni hivyohivyo, ila kazi ya upepo inafanywa na waya. La tatu halina swichi. Linajifunga lenyewe kila dereva anapokanyaga mafuta, na kujiachia lenyewe kwenye kona.

Nikamuuliza lipi bora. Akacheka.

"Bora kwa nani, Mwalimu? Kwa matope ya bondeni, hilo la tatu halina mpinzani. Ila lina masharti. Pale juu ya korongo, barabara yenu imelala upande. Gari la kawaida likiteleza pale, gurudumu moja linazunguka na lingine linashikilia, mkia unabaki nyuma ya kichwa. Lililofungwa, yote mawili yanaachia kwa pamoja, na mkia wa gari unatafuta bonde. Lenye swichi, dereva atalifungua kabla ya kufika pale, basi. Hili la tatu huwezi kulibembeleza. Kwa hiyo mkilichagua, dereva aambiwe: siku ya utelezi asipite juu akiwa na mzigo. Azunguke njia ya chini."

Njia ya chini inaongeza dakika arobaini. Niliandika hayo yote katika karatasi, na karatasi ninayo.

Ijumaa, 7 Machi

Nimefikiri juu ya dereva wetu. Wanachama wanamwita Konokono kwa jinsi anavyoendesha, na yeye huitikia. Alikuwa mwanafunzi wangu. Katika ripoti yake ya mwaka wa mwisho niliandika sentensi ambayo bado naikumbuka, kwa kuwa wakati ule niliiona imekaa vizuri: "Mtiifu, lakini hawezi kuachiwa jambo lenye uamuzi." Sasa nifikirie kumwekea swichi mbele yake, aamue kila siku lini afunge na lini afungue. Na nifikirie kumwambia kwamba upo ubavu wa barabara asiotakiwa kupita kukiteleza. Kila wingu litakuwa ruhusa. Atazunguka njia ya chini kuanzia sasa hadi kiangazi.

Jumanne, 11 Machi

Kikao cha kamati. Nilizungumza vizuri. Nilisema: "Swichi ni uamuzi, na uamuzi ukiwekwa mbele ya mtu kila siku, ipo siku atakosea. Tuchague chuma kisichohitaji akili ya mtu." Walipiga meza. Mjumbe mmoja akauliza fundi anasemaje. Nikajibu kwamba fundi amelisifu sana kwa matope ya bondeni, na hilo ni kweli.

Katika kumbukumbu nimeandika, kipengele cha nne: "Kamati imechagua kufuli la kujifunga lenyewe. Fundi hana pingamizi." Kumbukumbu zimetosha ukurasa mmoja.

Ndugu wanachama, hii ndiyo alama ya kwanza pembeni. Niendelee.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua ya kwanza, nyepesi. Fundi amelileta lori mwenyewe, kwa kuwa Konokono yuko kwenye mazishi ya mjomba wake. Alinikabidhi funguo hapa ofisini, akasimama mlangoni bila kukanyaga ndani kwa sababu ya viatu vyake.

"Ule ujumbe wa dereva unaukumbuka?"

"Ninao kwenye karatasi."

"Umwambie wewe. Wewe anakusikia. Mimi na yeye tukikutana ni utani tu, nikimwambia la kweli atadhani namcheka."

Nikasema nitamwambia.

Jumamosi, 22 Machi

Konokono amerudi. Alikuwa na haraka ya kupakia madebe. Sijamwambia.

Jumanne, 25 Machi

Mvua ya asubuhi. Alipomaliza kushusha maziwa alikuja ofisini, akavua kofia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Lori linaendaje?"

"Linakwenda. Ila nyuma kuna kitu kinagonga. Kwenye kona kinasema tak, tak, tak, kama mtu anavunja kuni. Nimeshuka mara mbili kuangalia. Nikadhani nimembeba mtu na shoka lake."

"Ndivyo kufuli lilivyo. Linajifunga na kujiachia."

"Sawa. Na hakuna jambo lingine la kujua?"

Karatasi ya fundi ilikuwa kwenye droo, chini ya kiwiko changu. Nilimtazama, na nilichokiona ni mtu anayetafuta sababu.

"Endesha tu," nikamwambia.

Hiyo ni alama ya pili.

Ijumaa, 28 Machi

Mvua. Lori limepita bondeni bila kukwama.

Jumatatu, 31 Machi

Mvua. Halikukwama.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua kubwa na upepo. Halikukwama. Mwenyekiti amenipigia simu kunipongeza. Anasema wanachama wameanza kuliita "kufuli la Mwalimu". Nimefurahi kuliko inavyofaa mtu wa umri wangu.

Jumatano, 9 Aprili

Leo mdogo wangu, ambaye ni mshonaji na ndiye ninayeishi naye tangu tulipobaki wawili, aliikuta karatasi ya fundi nilipomwaga mezani mkoba wangu wa ofisini kutafuta wino. Akaisoma huku ameshika pini mdomoni.

"Dada, huyu fundi anasema dereva aambiwe. Aliambiwa?"

"Ataambiwa."

"Na hii mvua inayopiga paa ni ya mwaka gani?"

"Wewe shona."

"Nashona. Mimi nikikosea, mtu anaachwa na mkono mmoja mrefu. Nauliza tu."

Nimeamua kumwambia Konokono Ijumaa.

Ijumaa, 11 Aprili

Konokono alimaliza kazi mapema. Mwenyekiti alikuwa ofisini, na nisingeweza kulisema hilo mbele yake bila kueleza kwa nini sijalisema hadi leo. Hivi ndivyo jambo dogo linavyokua: siku ya kwanza linahitaji sentensi moja; baada ya wiki tatu linahitaji sentensi moja na maelezo; na mimi maelezo sikuwa nayo.

Jumatano, 16 Aprili

Mvua. Halikukwama. Sijamwambia.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua. Halikukwama. Nimeitoa karatasi kwenye mkoba na kuiweka ndani ya kamusi nyumbani. Mtu asiye na neno la kuficha hafichi karatasi. Hilo nalijua, nimewapekua watoto wa watu miaka mingi.

Jumanne, 6 Mei

Nitaandika kwa mpangilio, kwa kuwa mkono unataka kuruka.

Imenyesha siku tatu bila kukatika. Saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, nikiwa nachemsha maji, simu ililia. Ni Konokono. Tangu mwaka juzi ipo kanuni kwamba dereva asibadili njia bila ruhusa ya Katibu. Kanuni hiyo niliitunga mimi.

"Mwalimu, samahani kukuamsha."

"Nimeamka. Sema."

"Nimeshapakia. Barabara ya juu imelainika mno. Nimetembea kwa mguu hadi kwenye ule ubavu, kiatu nusura kibaki mle mle. Naomba nipite njia ya chini."

Alikuwa ameshuka garini, akatembea kwenye mvua, akapima barabara kwa mguu wake, akarudi, akaomba ruhusa. Sikuyafikiri hayo wakati ule. Nilifikiri: ndiyo haya, yameanza.

"Njia ya chini itatuchelewesha, na tangi linasubiri," nikasema. "Lori lina kufuli. Pita juu, taratibu."

"Taratibu ndilo jina langu la pili," akasema, akakata simu.

Saa moja kasoro robo alinipigia mtu mwingine, mfugaji anayekaa juu ya korongo. Aliliona lori likiingia ubavuni kwa mwendo wa mtu anayebeba mayai. Anasema halikuyumba. Mkia tu ndio uliosogea pembeni, polepole, kama mlango unaofunguliwa na upepo, ukaendelea kusogea mpaka nyuma ikawa chini na kichwa juu. Kisha likalala na kuteremka kwa ubavu hadi kwenye mti. Mti ndio uliolizuia. Madebe yaliendelea.

Nilipofika, korongo lilikuwa na mstari mweupe kutoka barabarani hadi majini. Watu walikuwa wamemtoa Konokono kwa kuvunja kioo. Mguu wa kulia ulikuwa umeelekea mahali ambapo mguu hauelekei. Alikuwa ana akili zake zote. Aliponiona alisema, "Mwalimu, maziwa," na mimi nikasema, "Acha maziwa," na hilo ndilo neno pekee la ubinadamu nililosema siku nzima.

Hospitali wanasema paja limevunjika mahali pawili. Atapona. Kutembea kwake baadaye hawakuahidi.

Mkewe alikuwa kwenye benchi la nje, na viatu vya mumewe ndani ya mfuko. Kiatu kimoja kilikuwa kimejaa udongo hadi juu, kile alichopimia barabara. Alinishukuru kwa kuja.

Jumatano, 7 Mei

Siwezi kuandika leo.

Alhamisi, 8 Mei

Fundi amekwenda kulitazama lori, kisha akaja moja kwa moja nyumbani. Hakukaa. Mashine ya mdogo wangu ilikuwa inalia chumba cha mbele; ikanyamaza.

"Limeteleza palepale nilipokuonyesha," akasema. "Mwalimu, ulimwambia?"

Nimejiuliza tangu wakati ule swali lilichukua muda gani kabla ya jibu. Halikuchukua muda. Jibu lilikuwa tayari mdomoni kama maamkizi.

"Nilimwambia."

Fundi akatazama sakafu. Naamini alikuwa anatamani jibu lingine, hata kama lingetuumiza sote.

"Basi ni ukaidi," akasema. "Sikumdhania. Huyu mtu nimecheka naye miaka kumi."

Alipoondoka, mashine haikuanza tena kwa kitambo kirefu. Hatimaye mdogo wangu akasema kutoka kulekule, bila kuja, "Dada, chai yako imepoa." Na chai sikuwa nimepika.

Jumanne, 13 Mei

Kikao cha dharura. Fundi alitoa ushahidi: dereva alionywa na akapita. Mjumbe mmoja akasema lazima alikuwa anakimbiza gari. Mwingine akauliza, Konokono akimbize gari? Baadhi wakacheka, na kicheko chenyewe kingetosha kuwa ushahidi wa kumtetea, lakini hakuna aliyekiandika. Mwandishi nilikuwa mimi.

Hakuna aliyeniuliza kama alipiga simu. Simu ile tunaijua wawili: mimi, na mtu aliyefungwa mguu kwenye kitanda namba kumi na moja. Nikaandika, kipengele cha pili: "Dereva alipewa tahadhari na hakuizingatia. Asimamishwe kazi hadi mkutano mkuu, ambao utaamua kama aachishwe kazi." Mwenyekiti alitaka nizisome kwa sauti. Kwa desturi yetu kumbukumbu zikisomwa na mtu asipokataa, zimekubaliwa. Nilisoma vizuri. Sauti yangu haijawahi kunisaliti, na leo ndipo nilipoichukia.

Alama ya tatu, na ya nne, na zote zilizobaki.

Jumamosi, 17 Mei

Mvua imepungua. Nimeandika taarifa ya mkutano mkuu, mara ya kwanza. Nimeeleza kwamba aina ya kufuli pengine haikufaa. Imekaa vizuri. Mdogo wangu ameisoma akiwa amesimama.

"Imenyooka," akasema. "Kufuli lina kosa, mvua ina kosa, barabara ina kosa, Konokono ana kosa. Ni wewe tu hukuwepo mwaka huu, dada. Ulikuwa umesafiri?"

Jumatano, 21 Mei

Taarifa, mara ya pili. Nimeichana.

Jumapili, 25 Mei

Nimekwenda hospitali. Nilikuwa nimejiambia kwamba nakwenda kumjulia hali. Konokono alikuwa ameegemea mito, mguu umening'inizwa kwa kamba na jiwe la uzito. Mkewe alinipa stuli, akaenda kuchota maji.

"Shikamoo, Mwalimu. Nisamehe kwa kutosimama."

"Marahaba. Unaendeleaje?"

"Daktari anasema nisogee polepole. Nikamwambia, kwa hilo umempata mtu."

Nilicheka, kisha nikashindwa kuacha kuutazama mguu. Nikamuuliza kwa nini hakumwambia mtu juu ya ile simu. Akatafuta jibu dirishani.

"Niseme nini? Kwamba Mwalimu aliniambia nipite? Wewe ulinifundisha kusoma. Na simu si karatasi. Ungeweza kusema hukuipokea, halafu ningekuwa dereva mzembe na mwongo pia."

Hakusema kwa hasira. Labda ili kunitoa kwenye aibu, akaanza kuzungumza ya zamani: paa la darasa lililovuja, kengele iliyokuwa rimu ya gari. Kisha akasema, akitabasamu:

"Unakumbuka ripoti yangu ya mwisho? 'Mtiifu, lakini hawezi kuachiwa jambo lenye uamuzi.' Mama hakujua kusoma. Aliniambia nimsomee. Nilikaa pale kizingitini na ile karatasi. Ningeweza kumsomea chochote, Mwalimu. Ningesema umeandika nitakuwa daktari, angekwenda kuwatangazia majirani."

"Ukamsomea nini?"

"Hivyohivyo ulivyoandika. Na 'lakini' yake. Akalia kidogo, akaniambia nikakate majani ya ng'ombe."

Mtoto wa miaka kumi na minne aliachiwa jambo lenye uamuzi, peke yake, bila shahidi, na akaamua. Mimi nina miaka sitini na saba.

Nilitaka kumwambia palepale. Mkewe akarudi na maji. Nikaaga kama mwoga anavyoaga.

Jumanne, 27 Mei

Jua la kwanza. Taarifa, mara ya tatu na ya nne. Nimezitia zote jikoni motoni.

Ijumaa, 30 Mei

Nimekwenda karakana kwanza. Fundi alikuwa chini ya gari. Viatu tu ndivyo vilivyoonekana. Nikaviambia viatu.

"Nilikudanganya. Sikumwambia. Ujumbe wako haukufika."

Havikusogea. Spana ikawekwa sakafuni. Alipotoka hakunitazama, aliokota kile kitambaa, akafuta mikono kidole kimoja kimoja.

"Na mimi nikaenda kutoa ushahidi," akasema.

"Ndiyo."

"Nimemtukana mtu mbele ya kamati nzima kwa mdomo wako, Mwalimu."

"Ndiyo."

"Usiketi," akasema, ingawa nilikuwa sijaketi, akarudi chini ya gari.

Jumapili, 1 Juni

Konokono ameruhusiwa kurudi nyumbani. Nimemkuta uani, mguu juu ya kiti cha pili, mkewe akianua nguo. Nilimwomba mkewe naye abaki. Nikamsomea daftari hili lote, tangu siku ya karakana, kama ninavyowasomea ninyi. Ilichukua muda mrefu kuliko safari ya njia ya chini.

Mkewe alikuwa ameacha kuanua. Shati moja lilibaki mkononi mwake hadi mwisho.

"Mimi nilikushukuru," akaniambia. "Pale kwenye benchi. Nilikushukuru kwa kuja." Akaingia ndani.

Nilijitetea mara moja, na naiandika hapa ili nayo isomwe. Nilisema: "Nilichagua kufuli baya. Ningechagua lenye swichi, usingeumia." Nilidhani hiyo ndiyo toba. Konokono akatikisa kichwa.

"Kufuli lilikuwa zuri, Mwalimu. Wiki sita sijakwama. Ukiniuliza leo, nitachagua hilohilo. Chuma hakijanikosea kitu."

"Sasa kosa—"

"Mimi nilikuomba ruhusa kwa sababu sikujua, nilihisi tu. Mtu anayehisi anaomba. Ningejua, nisingekuomba. Ningepita chini, ungenigombeza jioni, tungelala salama."

Nimefundisha sarufi na hesabu, na sijawahi kuelezwa jambo kwa ufupi namna ile. Nilikuwa nimejitengenezea kosa la heshima, la mtu aliyepima vitu vitatu na kuchagua kimoja vibaya. Akaninyang'anya hata hilo. Nilikuwa na neno lililokuwa mali ya mtu mwingine, nikalikalia, kwa kuwa nilishaamua yeye ni nani tangu akiwa na kaptula.

Nikamwambia nitasoma yote mbele ya mkutano mkuu.

"Sawa," akasema. "Nitakuja nisikie. Ripoti yangu niliisoma yote."

Jumamosi, 7 Juni

Leo asubuhi. Kumekauka, ule mstari mweupe korongoni umekwisha kuoshwa. Mdogo wangu amenipigia pasi gauni hili na kunifunga kifungo cha juu, jambo ambalo hajalifanya tangu nilipokwenda kwenye usaili wangu wa kwanza wa kazi.

"Usisome haraka," akasema. "Ukiona aibu huwa unakimbia."

Hapo ndipo daftari linapoishia.

Ndugu wanachama, naomba mambo mawili tu, na yote mawili yanahusu kumbukumbu. Kipengele cha nne cha tarehe 11 Machi kisahihishwe kisomeke: "Fundi alionya kwamba barabara ya juu ya korongo haifai kwa kufuli hilo siku za utelezi, na akataka dereva aambiwe. Katibu hakumwambia." Na kipengele cha pili cha tarehe 13 Mei kifutwe chote, na mahali pake paandikwe: "Dereva alipima barabara kwa miguu, akaomba kupita njia ya chini. Katibu alimkatalia." Asiyekubaliana aseme sasa, kwa kuwa kwa desturi yetu kunyamaza ni kukubali, na mimi najua kunyamaza kunavyoweza kutumika.

Yanayonihusu mtayajadili nikiwa nje, kama inavyotakiwa. Ila kabla sijatoka: kanuni ya tisa, ambayo pia niliitunga mimi, hairuhusu watumishi wa chama kuingia mkutanoni. Ndiyo maana tangu tuanze dereva amesimama pale mlangoni kwa magongo yake, na fundi amesimama nyuma yake akimshika kiwiko. Daktari alimkataza kusimama.

Kiti cha Katibu sasa kiko wazi. Naomba apewe akae.